Mawe Hayaoti, Mwanangu

Nemanwa, Masvingo
Jumapili, 9 Agosti 1998

Kwako Taguma, mwanangu, Simba wa ukoo wenu,

Nimeamka salama, ikiwa na wewe umeamka salama. Ndivyo tulivyofundishwa kusalimu huku kwetu, na tangu uende Johannesburg nimeijua maana yake, maana kila asubuhi nikifungua mlango najiuliza kama na wewe huko umeamka. Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Na yule Mvenda unayekaa naye chumba kimoja, bado anaunguza ugali wa sadza mpaka majirani wanadhani nyumba imeshika moto? Mwambie mama yako anamsalimu, na kwamba moto mdogo haujawahi kumnyima mtu chakula.

Sisi huku hatujambo. Blanketi ulilompa dereva Chirandu lilifika. Nilijifunika usiku uleule, na paka naye akaona ni lake. Shangazi yako Matirasa mguu umepona, lakini ulimi haukuwahi kuugua, kwa hiyo kijiji kizima kinajua kwamba yu mzima. Yule mbuzi mweupe kazaa pacha. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi linaingia hadi kwenye maziwa, na miti ya msasa kule kilimani imeanza kutoa majani mekundu kama kawaida yake, inajipamba kabla hata mvua haijaahidi kitu.

Barua hii ina mambo mawili. La kwanza ni jibu la swali uliloniuliza ukiwa mdogo, nikakujibu vibaya. La pili ni ombi, linahusu fimbo ya baba yako uliyoiacha nyuma ya mlango, na duniani hakuna wa kunijibu ila wewe. Nakujua. Ukipokea barua ya nyumbani macho yako hukimbilia mwisho kutafuta msiba. Hakuna msiba. Rudi juu, soma kwa mpango. Mwandiko ni wangu mwenyewe, ukiona mahali nimefuta ujue nilikuwa natafuta neno.

Unakumbuka nilipokuwa nikikuchukua kwenda kuuza vitambaa vyangu vya kufuma kule Dzimbahwe, kwenye magofu ya mawe ya wafalme wa zamani? Ulikuwa hujaanza shule. Wageni wakipungua ulikuwa unaukimbilia ukuta mkubwa, unaulalia kwa shavu kwa sababu jiwe lilikuwa limehifadhi jua. Siku moja ukageuka, shavu lina alama za punje, ukaniuliza haya mawe yote yalitoka wapi. Nikakwambia yameota. Sikukutania. Ndivyo baba yangu alivyonifundisha, naye alikuwa na ushahidi: kila mwaka alikuwa anaondoa mawe shambani, na kila mwaka akilima anakuta mengine. Kama si kuota ni nini?

Basi ukaenda kuokota jiwe la ukubwa wa ngumi, ukalipanda kwenye tuta langu la maboga, ukawa unalimwagilia maji ya kunywa niliyoyabeba kichwani kutoka mtoni. Nilipokukamata nilikuwa tayari na kijiti mkononi. Baba yako akanizuia, amecheka hadi ameshika nguzo ya jiko, akasema, “Mwache mwenzio, Mama Taguma. Likichipua tutajenga jiko jipya bila kubeba kitu.” Ulilimwagilia mpaka mvua za mwaka ule zilipokuja kukupokea kazi. Halafu ukasahau. Mimi sikusahau, na kila nikilima tuta lile nilikuwa nalikwepa.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Mei mwaka huu lilikuja basi la shule moja ya sekondari ya mjini. Nilikuwa nimekaa penye kivuli kando ya njia pamoja na Mama Hazvinei, yule mwenzangu wa kufuma, mwenye kicheko cha kushtua ng’ombe. Wanafunzi wakashuka, na nyuma yao mwalimu mmoja mrefu, mwembamba, mvi kichwani, suruali imeshonwa gotini kwa uzi wa rangi nyingine kabisa. Mama Hazvinei akaniambia huyu hana mke, maana hakuna mwanamke angemwachia atoke na mshono ule.

Mwalimu yule hakuwapeleka kilimani mbio kama wenzake, wala hakuanza na habari za wafalme. Aliwasimamisha mbele ya ukuta, akawaambia mikono mifukoni, wausahau ukuta, kila mtu achague jiwe moja tu aliangalie mpaka limchoshe. Kijana mmoja akasema, “Mwalimu, hili langu limeshanichosha tayari.” Akamjibu, “Basi wewe na jiwe hamjatambulishana. Sogea.” Wakasogea. Na mimi, ambaye nimeuona ukuta ule maisha yangu yote, nikajikuta nimenyanyua macho kwenye kitambaa changu nikachagua jiwe langu. Taguma, lilikuwa na rangi tatu! Punje nyeupe kama mahindi ya kupaaza, nyingine za kijivu zinazopitisha mwanga kama kipande cha chupa, na katikati yake vijiganda vyeusi vinavyometa. Siku zote nilidhani ni la kijivu tu.

Akawauliza kwa nini punje ni kubwa kiasi kile, mbona si unga. Mimi nikamkumbuka bibi yangu wa upande wa mto Save, aliyekuwa akichuja chumvi ya udongo. Akiichemsha kwa moto mkali ilitoka laini kama vumbi. Akiyaacha maji yakauke yenyewe kivulini, ilitoka mabonge unayoweza kuyahesabu. Mdomo ukanitoka nikiwa nimekaa palepale: “Kwa sababu aliyelipika hakuwa na haraka.”

Mwalimu akageuka, akaweka kiganja nyuma ya sikio, maana sikio lake la kushoto halisikii vizuri, akauliza nani amesema. Wanafunzi wote wakaninyooshea vidole. Akasema ni kweli kabisa, na je, mama anajua lilipikwa wapi? Nikasema mwalimu, hapo sijui, mimi nilifundishwa kwamba mawe yanaota. Walicheka, mwanangu! Walicheka wakashikana mabega. Mama Hazvinei naye akacheka, msaliti yule. Nilitamani kujifunika kitambaa changu mwenyewe.

Yeye hakucheka. Alisubiri wamalize, kisha akaeleza, na akawa anaeleza huku akinitazama mimi. Alisema hapo tuliposimama, kabla mtu yeyote hajazaliwa, chini sana ardhini palikuwa na mwamba ulioyeyuka, uji wa moto. Haukupanda ukamwagika juu. Ulibaki chini umefunikwa na mzigo wa nchi nzima, na mzigo ule ndio ulioutunza moto usitoke upesi. Ukapoa polepole kwa muda ambao alisema hata yeye akiuandika ubaoni haumwingii akilini. Na katika kupoa huko kila punje ilipata wakati wa kukua. Nyeusi na nyeupe zilitangulia, ile ya kioo ikaja mwisho ikajaza mapengo yote, ndiyo maana zimeshikana hata sindano haipenyi. Hilo jiwe lililopikwa hivyo ndilo graniti. Kwa hiyo mawe hayaoti, mwanangu, ila kuna kukua ndani yake. Baba yangu hakukosea sana.

Wiki iliyofuata mwalimu akarudi. Hakuwa na basi wala wanafunzi, alikuwa na baiskeli. Mama Hazvinei akamwona kwa mbali, akaanza kabla hata hajashuka: “Mwalimu, leo umekuja kuhesabu mawe au kuhesabu vitambaa?” Yule mzee akaona haya kama kijana, akasema amekuja kumwonyesha mama wa chumvi kitu. Akavua shingoni kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba ya kiatu, akanipa niangalie. Nikaweka jicho. Kile kijiganda cheusi kilikuwa na kurasa, Taguma, kurasa nyembamba zilizopangana. Nikamwambia nilitolewa shule darasa la sita ili kaka yangu aendelee, na sikuwahi kuililia sana mpaka dakika ile. Nilisema hivyo kwa mtu ambaye hata jina lake nilikuwa silijui. Jina lake ni Gwatidzo, ni wa ukoo wa Hungwe, na mkewe alifariki siku nyingi.

Akawa anakuja Jumamosi. Ninaandika wazi, maana najua Shangazi yako ataandika pia na yeye ana mkono mrefu wa kuandika. Alikuwa anakuja mchana, mbele ya watu wote, tunakaa kando ya njia, mimi nafuma yeye anaongea. Anaongea hata chakula kikiwa mdomoni. Siagi ya karanga anaila kama mtu aliyetoka kufunga. Niliufumua ule mshono wa gotini nikaushona upya, kwa sababu nilikuwa nashindwa kumsikiliza nikiuona. Mama Hazvinei alisema hapo ndipo alipoona kila kitu, lakini yeye huona kila kitu kabla hakijatokea.

Jumamosi moja nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Kama jiwe limeshikana hivyo, limekaa chini ya mzigo wote ule bila kuvunjika, mbona huku juu linabanduka lenyewe tabaka kwa tabaka, kama kitunguu? Si ndiyo maana wazee wa zamani walipata mawe ya kujengea hata bila kuchimba? Alifurahi hadi akasimama. Akaniambia hiyo ndiyo siri ya mahali hapa. Mvua na upepo vilikula ardhi ya juu kidogo kidogo mpaka mwamba ukatokea, na mwamba uliozoea kukandamizwa, mzigo ukiondoka, unavimba, unajinyoosha, halafu unapasuka. Akasema graniti haipasuki kwa kubebeshwa, inapasuka kwa kutuliwa.

Niliweka sindano chini. Unajua nilichokumbuka? Baba yako alipokufa sikulia. Ulikuwa na miaka kumi, ulinishika sketi kaburini ukaniuliza, “Mama, mbona hulii?” Nilikuwa na wewe, nilikuwa na shamba, nilikuwa na bibi yako ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Miaka yote ile nilimgeuza bibi yako kitandani, nikamwosha, nikamlisha, akanitukana na kunibariki kwa zamu, na sikuugua hata siku moja. Watu walisema Mama Taguma ni jiwe. Kisha mwaka juzi tukamzika, matanga yakaisha, wageni wakaondoka, nikaamka asubuhi sina wa kumgeuza. Nikakaa kwenye sakafu ya jiko nikalia. Sikukuandikia. Nililia mpaka msimu wa kupanda ukapita, sikuweza kushika jembe. Shangazi yako alileta mganga, akasema nimetupiwa kitu. Mchungaji naye akaja akasema nina dhambi iliyojificha. Nami nikawaamini wote wawili, kwa sababu sikuwa na maelezo yangu.

Sasa mtu anakaa kando ya njia na siagi ya karanga kwenye ndevu ananieleza jiwe, na mimi ninapona. Sikuwa nimerogwa. Nilikuwa nimetuliwa mzigo tu.

Nilimsimulia hayo. Hakunipa ushauri, jambo ambalo kwa mwalimu ni muujiza. Aliniuliza tu kuhusu baba yako, alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia nitamwonyesha.

Nikamleta nyumbani mchana, Mama Hazvinei akiwa pamoja nasi ili midomo ipumzike. Tukapita nyuma ya ghala hadi kwenye ule mwamba mpana, pale panapobaki doa jeusi. Wewe ulizaliwa nyumba imeshasimama, hukuona. Tulipooana, mimi na baba yako hatukuwa na kitu ila mikono. Alikuwa analaza magogo juu ya mwamba jioni, tunaamka kukiwa bado na umande, anawasha. Mwamba ukishapata moto wa kutosha anasema, “Haya, bibi arusi, lete maji.” Ninamwaga, na mwamba unalia twaa! Unapasuka tabaka zuri, bapa, tayari kwa kujenga. Nilikuwa naruka kila mara na yeye alikuwa ananicheka kila mara. Jioni tulikuwa tunakaa juu ya mwamba uleule, bado una joto, tunakula sadza kwa mboga za siagi ya karanga kwenye sahani moja, masizi mpaka masikioni, tunabishana mlango utazame wapi. Mlango unaotazama mashariki niliutaka mimi. Msingi wote wa nyumba yako umetoka pale. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, nakwambia wewe mwanawe ili ujue ulitoka kwenye furaha.

Nilipomaliza, Mwalimu Gwatidzo alivua kofia. Akachuchumaa pembeni ya lile doa jeusi, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama anavyopiga mgeni anayeomba ruhusa mlangoni kwa mwenye nyumba. Akamwita baba yako kwa jina la ukoo wenu, akasema, “Tumefika, Simba. Samahani kwa kuingia bila kuitwa.” Akasubiri, kama mtu anayengoja kukaribishwa. Moyo wangu ulikwenda pale, Taguma. Siwezi kuandika kwa mzunguko. Nampenda mtu huyu.

Sasa tufike kwenye fimbo.

Unaikumbuka siku ile tulipoirudisha roho ya baba yako nyumbani, mwaka mmoja baada ya kumzika. Ngoma zimepigwa usiku kucha, pombe imenywewa, na asubuhi wakanipa fimbo yake nimkabidhi nimtakaye katika ndugu zake anirithi. Walikaa safu moja kwenye mkeka. Baba yako mdogo Shereni alikuwa ameoga mara mbili, amejipaka mafuta hadi kwenye magoti, ana kofia mpya, ameshaanza kutabasamu. Nilimpita. Nilisikia tabasamu lake likianguka nyuma yangu. Nikaja hadi kwa watoto, ulikuwa umekaa na mfupa mkononi unaunyonya, nikapiga magoti nikakupa wewe. Uliitazama fimbo, ukautazama mfupa, hukujua uache kipi. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, wakajua Mama Taguma haolewi tena, anakaa chini ya mwanawe. Ilikuwa halali. Wajane wengi wamefanya hivyo. Niliona nimewashinda wote siku ile.

Tangu siku hiyo wewe ni baba yangu, ndivyo ninavyokuita mbele za watu. Wenzako shuleni walikuita mume wa mama, ukarudi na jino limelegea. Ulipomaliza darasa la kumi na moja ulisema utakwenda Johannesburg kwa sababu mwenye fimbo hawezi kukaa bure. Hujaoa. Kila Mama Hazvinei akikutafutia msichana unasema mpaka mambo ya mama yakae sawa. Naona sasa nilimpa mtoto kitu cha mtu mzima, na mtoto akakishika kweli, hakukiachia.

Mwezi uliopita Mwalimu Gwatidzo alimtuma mshenga kwa Shangazi yako, kama inavyotakiwa. Shangazi alimpa maheu anywe, akamsikiliza hadi mwisho, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaja kwangu na mguu wake ule, hakukaa, akasema, “Wewe Muchaneta, ulikuwa na safu nzima ya wanaume ukaichezea. Ulimpa fimbo mwanao mbele ya wafu na walio hai. Umeshaolewa! Mume wako yuko Johannesburg. Kama unamtaka mwalimu wako wa mawe, nenda kamwombe talaka.”

Alidhani amenifunga. Nililala nikaigeuza kauli yake huku na huku, na asubuhi nikaona shangazi yako, kwa hasira zake zote, amesema kweli. Hakuna mwingine wa kuniachilia. Anasema haijawahi kutokea mwana kurudisha fimbo. Huenda. Lakini nilikupa mbele ya watu, sitaichukua kisirisiri nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo, mwanangu, baba yangu, barua hii yote ni ya kukuomba talaka.

Nikiolewa nitahamia kwake, upande wa pili wa kilima. Nyumba itabaki yako, shamba lako, na kaburi la baba yako nitalipalilia kila mwaka, mwalimu ameshasema atabeba jembe. Sichukui kitu ila nguo zangu na sindano za kufumia. Ukikataa nitabaki, nitaendelea kukupikia ukija Krismasi, sitanuna. Nimekaa chini ya mzigo kabla ya leo na najua namna ya kukaa. Lakini sitakudanganya kwamba itakuwa sawa kwangu. Haitakuwa sawa.

Ndani ya bahasha ya kaki aliyonayo Chirandu kuna jiwe. Usishtuke, si la ukutani kule, hayo hayaguswi. Ni lako. Nililifukua kwenye tuta la maboga wiki hii, mara ya kwanza nimelima pale. Halikuota, halikuongezeka hata kidogo, lipo kama ulivyolipanda. Lioshe, ulipeleke penye mwanga, utaziona zile rangi tatu. Kama jibu lako ni hapana, mpe Chirandu alirudishe. Nitalipokea, nitalifukia palepale, na wala sitamuuliza mtu kitu. Kama jibu ni ndiyo, usimpe mtu. Njoo nalo mwenyewe mkifunga kazi Desemba, uichukue fimbo nyuma ya mlango, unikabidhi mbele ya Shangazi yako na Shereni na wote waliocheka siku ile. Nimekuwa nikiipaka mafuta ili mchwa wasiile. Utaona ni fupi kuliko unavyoikumbuka.

Na jambo moja, kwa sababu mimi nimeshapita huko. Ukishanipa, utabaki mikono mitupu, na siku mbili tatu baadaye unaweza kujikuta umekaa mahali unalia bila sababu, mtu mzima wewe. Usimtafute mganga. Lia, kisha nenda kamtazame yule msichana wa Mama Hazvinei, maana hata yeye hajaolewa na ameanza kuniulizia habari za kikohozi chako.

Shangazi yako anakusalimu, ingawa amesema nisiandike. Mama Hazvinei anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani umeisikia huko huko. Msalimu yule Mvenda. Usitembee na pesa mfuko wa nyuma, na ukivuka barabara angalia pande zote, magari ya huko hayana ndugu.

Nitaendelea kuamka salama, ikiwa na wewe unaamka salama.

Mimi mama yako, na mtoto wako mpaka utakaponiachilia,
Muchaneta